Jinsi ya Kutembelea Kaitaku no Mura, Kijiji cha Walowezi wa Hokkaido

Kaitaku no Mura kiko ndani ya msitu wa Nopporo, pembezoni mwa Sapporo, jiji kuu la Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani. Kilifunguliwa mwaka 1983, na kwenye hekta zake 54 yamesimama majengo zaidi ya 50 ya enzi za Meiji na Taisho (1868 hadi 1926), Wajapani walipokuwa wakihamia Hokkaido kwa wingi.

Panda treni ya JR, kampuni ya reli ya Japani, au ya chini ya ardhi hadi Shin-Sapporo, kisha basi la JR hadi kituo cha mwisho, kama dakika 15. Mabasi ni machache, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi mara tu ushukapo. Kuanzia Mei hadi Septemba kijiji hufunguliwa kila siku, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Miezi mingine hufungwa Jumatatu, na milango hufungwa nusu saa mapema.

Tenga saa tatu. Wengi hukosea hapa: humalizia muda wote sehemu ya mji, iliyo karibu na lango, wakafika mashambani miguu imechoka. Anzia mbali, kwenye nyumba za wakulima na za mlimani, urudi mjini mwishoni. Usikose nyumba ya tondenhei, askari waliopewa ardhi walime huku wakilinda kaskazini. Ukigusa mbao zake nyembamba utaelewa baridi ile waliivumiliaje, au hawakuivumilia. Sehemu ya uvuvi ina jumba la ukoo wa Aoyama, ambako tajiri na vibarua wake walilala chini ya paa moja msimu wa samaki nishin. Sehemu kubwa ya samaki hao haikuliwa: walichemshwa, wakakamuliwa mafuta, makapi yakauzwa kuwa mbolea.

Vaa viatu visivyo na kamba, maana utavivua mlango baada ya mlango. Majira ya theluji vaa soksi mbili nzito. Sakafu ni za mbao na vyumba vingi havina moto.

Soma kibao cha kila jengo. Mengine yalihamishwa kutoka mahali pake, mengine yamejengwa upya kwa kuiga, kama stesheni ya zamani ya Sapporo iliyo langoni.

Kijiji kinasimulia habari za walowezi. Kwa habari za Waainu, wenyeji wa ardhi hiyo kabla yao, shuka njiani kwenye Makumbusho ya Hokkaido, yaliyo kwenye njia hiyohiyo ya basi.