Kukusanya mechi za Dana Reizniece-Ozola kwenye faili moja

Wengi humjua kwa mechi moja: Septemba 2016 jijini Baku, kwenye Olimpiadi ya sataranji, alimfunga Hou Yifan, bingwa wa dunia wa wanawake, huku yeye akiwa waziri wa fedha wa Latvia. Mechi hiyo iache kwanza. Anza na jina.

Kwenye hifadhidata ya mechi za sataranji, tafuta "Reizniece" peke yake. Ukiandika jina zima lenye kistari, mechi za ujana wake hazitokei, kwa kuwa ziliingizwa bila Ozola. Kwenye faili ya PGN (muundo wa maandishi wa kuhifadhi mechi za sataranji), mechi ya zamani itasomeka [White "Reizniece, Dana"] na ya baadaye [White "Reizniece-Ozola, Dana"]. Programu huwahesabu hao kuwa watu wawili, kwa hiyo sawazisha jina kabla hujapanga kwa tarehe.

Kisha ondoa marudio. Nakala yenye 2001.??.?? na nyingine yenye tarehe kamili huenda ni mechi ileile. Usiifute yoyote mpaka umelinganisha hatua za mwisho. Kuna nakala huishia hatua ya 30 wakati mechi iliendelea. Mechi ambazo wachezaji hupewa muda mfupi wa kufikiri ziweke kwenye faili yake, la sivyo hesabu ya ushindi na sare itakupotosha.

Sasa fungua ukurasa wake wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, uangalie Elo, namba inayopima nguvu ya mchezaji. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Alikuwa waziri wa uchumi kuanzia 2014, kisha wa fedha 2016 hadi 2019. Asiyecheza, Elo yake haipandi wala haishuki, kwa hiyo mstari ulionyooka usiusome kama kiwango kilichotulia. Kila kipindi, tazama safu ya idadi ya mechi. Ikiwa sifuri, namba iliyo pembeni ni ya zamani.

Cheo pia kiandike sawasawa. Mwaka 2001 alipata WGM (grandmasta wa wanawake), si GM (grandmasta). WGM hudai Elo 2300 na normu (matokeo ya mashindano yanayofikia kiwango kilichowekwa) za jumla ya mechi zisizopungua 27, kila normu kwa uchezaji wa kiwango cha Elo 2400. Kwa GM ni 2500 na 2600. Ukiandika "grandmasta" bila kufafanua, umebadilisha habari.

Ndipo uirudie ya Baku, injini (programu ya kuchambua mechi) ikiwa imezimwa mpaka umeandika makadirio yako mwenyewe kila hatua tano.