Uhandisi jeni: anza na ndizi mbivu, afu tuongee insulini na sikoseli

Kila mada ya GMO (viumbe waliobadilishwa jeni) ikiingia kwenye grupu watu wanagawanyika, na wengi hawajawahi hata kuona DNA, ile nyuzi inayobeba maelekezo ya urithi ya kiumbe, inafananaje. Kwa hiyo we anza kwa kuitoa mwenyewe, hapo hapo jikoni.

Nunua ndizi moja mbivu sana gengeni, na spiriti duka la dawa (tafuta kali, ya asilimia 90 na kuendelea, ile ya 70 inasumbua), uiweke friza masaa kadhaa, mbali na jiko la mkaa au gesi maana inashika moto haraka. Ponda nusu ndizi mpaka iwe uji, tia nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo na nusu kijiko cha chumvi. Koroga taratibu, usitoe povu, subiri dakika kumi afu chuja na chujio la chai. Hapo sabuni imeshapasua kuta za mafuta za seli, na chumvi inazisaidia nyuzi zishikane. Sasa inamisha glasi, mimina spiriti ya baridi pembeni pole pole ikae juu, kiasi sawa na kile kimiminika. Baada ya dakika chache utaona utando mweupe unapanda kama kamasi, uvute na kijiti cha meno. Sio DNA tupu, kuna takataka nyingine za ndizi humo, ila DNA ipo.

Sasa uhandisi wenyewe ni kukata kipande cha hiyo nyuzi na kukipachika kwingine. Wanasayansi Stanley Cohen na Herbert Boyer walifanya hivyo 1973 kule Marekani kwa kutumia enzaimu (protini yenye kazi maalumu) inayotoka kwa bakteria wenyewe, inaitwa EcoRI, inasoma DNA, ambayo inaandikwa kwa herufi nne A, T, G na C, na ikikuta mfuatano GAATTC inakata hapo hapo, kwingine haigusi. Mikato yake inaacha ncha zinazonatana, kwa hiyo kipande cha kiumbe kimoja kinashika kwa kingine, afu enzaimu nyingine inaunganisha moja kwa moja.

Insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ndo mfano mzuri kuliko yote. Zamani ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. 1978 wanasayansi wakaiandika jeni yake, yani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kuitengeneza, kimaabara, wakaiweka kwenye plasmidi, yani kiduara kidogo cha DNA ambacho bakteria anacho, wakamrudishia bakteria. Namna ya kumwingiza siku hizi maabara ni rahisi kuelezea: bakteria waliotayarishwa na kloridi ya kalsiamu wanakaa kwenye barafu, wanapigwa joto la nyuzi 42 kama dakika moja hivi, wanarudi kwenye barafu. Wengi hawaichukui ile plasmidi, ndo maana inabebeshwa na jeni ya kuhimili antibayotiki, ukiwamwaga kwenye sahani yenye dawa hiyo anayebaki hai ndo aliyeichukua. Wakizaliana kwenye tangi wanatoa insulini ya binadamu. Marekani waliiruhusu 1982, na wengi wa wagonjwa wa sukari wanaochoma insulini leo wanachoma ya aina hiyo, hata anayesema yeye hagusi GMO.

Sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, inaniuma zaidi kwa sababu hapa Tanzania inagusa familia nyingi mno. Chanzo chake ni herufi moja tu kubadilika kwenye jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Teknolojia ya CRISPR, kama mkasi wa kukata DNA mahali unapotaka, iliyowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Nobeli ya 2020, imewezesha tiba ambayo haigusi hata ile herufi: wanachukua seli za uboho wa mgonjwa, wanazima swichi inayofunga himoglobini ile ya mtoto akiwa tumboni kwa mama, afu wanamrudishia. Uingereza waliipitisha mwishoni mwa 2023. Marekani bei ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, na mi naona hilo ndo swali tunalopaswa kulipigia kelele.

Mihogo nayo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoletwa na kirusi, uliripotiwa kwanza hapa hapa Tanganyika miaka ya 1930, unaozesha mizizi chini huku majani yanadanganya kuwa shamba liko poa. Wenzetu Kenya 2021 walikubali mihogo iliyopachikwa kipande cha kirusi chenyewe ili mmea ukijue na kukizima mapema. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama GMO ni mbaya, muulize kwanza: jeni gani, imetoka wapi, na inafanya nini ndani ya huo mmea?