Jinsi ya kuandika barua pepe ya kazini ikajibiwa

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya ujenzi hapa Morogoro. Kodi ya mishahara inalipwa kufikia tarehe 7, ritani ya VAT (fomu ya kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, na karatasi ninazozihitaji ziko mifukoni mwa watu walioko saiti. Wasiponijibu, kampuni inaumia, nami roho inaniuma.

Mwandikie mtu mmoja. Ukiandika "Ndugu wote" kwa watu saba, kila mmoja atajua mwenzake atajibu. Bosi mwekee nakala pale tu jambo linapomhusu. Ukimweka ili kutisha, mwenzako ataacha swali aanze kujitetea.

Mada ibebe ombi lenyewe, maana mtu wa saiti anasoma kwenye simu, juani. "Kufuatilia" haimwambii kitu. Mimi naandika: "Risiti ya EFD, saruji mifuko 200: naihitaji Alhamisi tarehe 16". EFD ni ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi. Halafu ndani:

"Mhandisi, habari za kazi. Saruji ya tarehe 28 mwezi uliopita tumeshailipia, risiti ya EFD sijaipata. Unayo wewe, au ilibaki kwa muuzaji? Kama unayo, ipige picha unitumie sasa, karatasi mpe dereva. Isipofika Alhamisi saa sita mchana, VAT ya saruji hiyo haitaingia kwenye ritani ya tarehe 20."

Salamu usiiruke, mstari mmoja unatosha. Swali liwe moja. Ukiuliza matatu utajibiwa lile jepesi. Tena liwe la kuchagua, "unayo au ilibaki", ambalo mtu analijibu kwa neno moja akiwa amesimama. "Naomba ufafanuzi" inamtaka akae chini aandike, na hatakaa. Picha naiomba mapema kwa sababu maandishi ya risiti ya EFD hufifia; risiti ikiachwa kwenye dashibodi ya gari, utaletewa karatasi nyeupe.

Siku ikipita kimya, jibu juu ya barua ile ile, usianzishe mpya, ili historia yote ibaki pamoja. Ikipita ya pili, piga simu. Mkishaongea, rudi uandike: "Kama tulivyoongea saa nne, risiti inakuja kesho na dereva." Mkaguzi wa hesabu akija mwakani atataka maandishi, kwa hiyo ambatisha na ile picha humo humo.