Namna ya Kuvuka Daraja la Mfereji la Pontcysyllte kwa Usalama na kwa Kuwajali Wengine

Daraja la Pontcysyllte, lililoko kaskazini-mashariki mwa Wales, huupitisha mfereji wa Llangollen juu ya bonde la mto Dee kwa urefu wa mita 307 na kimo cha mita 38 hivi. Wahandisi Thomas Telford na William Jessop walilisimamia hadi likafunguliwa mwaka 1805, na tangu mwaka 2009 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hatari inayomkabili mgeni haitokani na uchakavu wa daraja, bali na umbo lake, kwa hiyo ni vyema alifahamu umbo hilo kabla ya kukanyaga.

Maji hupita ndani ya birika refu la chuma lililolazwa juu ya nguzo 18 za mawe. Upande wa mashariki kuna njia nyembamba ya miguu, iliyowekwa zamani kwa ajili ya farasi waliokuwa wakivuta mashua, na ukingo wake wa nje umezungushiwa uzio wa vyuma. Upande wa magharibi hauna uzio wowote: kingo ya birika imeinuka sentimita chache tu juu ya maji, na ng'ambo yake ni hewa tupu hadi bondeni. Hata kwenye njia ya miguu, uzio hulinda upande wa bonde peke yake. Kati ya mtembeaji na mfereji hakuna kizuizi.

Kwa sababu hiyo, mshike mtoto mkono kwa muda wote wa kuvuka, naye atembee upande wa uzio, wewe ukiwa upande wa maji. Mbwa afungwe kamba fupi. Mwenye baiskeli ashuke na kuisukuma, kwa maana njia haiwatoshi mpanda baiskeli na mtembea kwa miguu kupishana bila mmoja kusogea karibu mno na maji. Anayekuja akiwa na mtoto, mzee au mzigo apewe upande wa uzio, nawe usimame mpaka apite. Ukitaka kupiga picha, jibanze kwenye uzio, waangalie walio nyuma yako, kisha uendelee. Kikundi kinachosimama katikati kwa dakika nyingi huwalazimisha wengine kupita mahali pasipo salama.

Wapo watu wazima, hata wenye ujasiri wa kawaida, ambao hushikwa na kizunguzungu wakifika katikati. Hilo si jambo la kuchekwa. Ajijuaye kuwa kimo humsumbua atembee kwanza hatua chache na kujipima, akiukazia macho mwisho wa daraja badala ya bonde, na arudi mapema iwapo miguu inasita. Siku ya upepo mkali au ya barafu ni afadhali kuahirisha. Mara chache mfereji hukaushwa ili birika likaguliwe, hivyo tazama kwanza matangazo ya Glandŵr Cymru, tawi la Wales la shirika linalotunza mifereji.

Mashua inapopita kando yako, usiiguse wala kuisukuma kwa mguu, kwa kuwa inakaribia kuijaza nafasi yote ya maji, na kiungo kinachonaswa kati ya mashua na chuma huumia vibaya.

Kwa wanaovuka kwa mashua, sharti kuu ni kwamba mashua mbili haziwezi kupishana. Nahodha atazame hadi ng'ambo kabla ya kuingia, na akiona nyingine imekwisha kuingia, asubiri. Maji hutiririka kutoka Trevor, kijiji kilicho mwisho wa kaskazini wa daraja, kuelekea Froncysyllte, kilicho mwisho wa kusini, yakipelekwa mpaka bwawa la Hurleston. Anayeelekea Trevor atakwenda polepole, wala asilazimishe injini. Abiria wakae ndani au katika viti vyao. Asiwepo anayeketi juu ya paa wala kutembea kwenye ubavu wa mashua, na watoto wavae jaketi za kuokolea maisha hata siku ya utulivu kabisa.

Chini ya daraja hupita watu, kwa hiyo usitupe wala kuangusha chochote, hata jiwe dogo la mzaha. Usichonge majina wala kufunga kufuli kwenye vyuma ambavyo vimedumu kwa zaidi ya karne mbili. Droni isirushwe bila idhini. Mashua zilizofungwa huko Trevor ni makazi ya watu wakati huo, na kuchungulia madirishani mwao ni utovu wa adabu.

Mtu akitumbukia mfereji, usimfuate majini. Mwambie nahodha aliye karibu aache kuendesha rafadha, lala kifudifudi kwenye njia, umnyoshee kamba, fimbo au nguo imara, kisha umtulize mpaka avutwe. Simu ya dharura ni 999. Taja daraja kwa jina na useme kama mko karibu na mwisho wa Trevor au wa Froncysyllte, kwa sababu gari la wagonjwa halifiki katikati.

Asiyeweza kuvuka hakosi nafasi ya kuliona: kuna daraja la kale la mawe juu ya mto Dee, na kutoka hapo nguzo huonekana vizuri. Hilo hupitisha magari, basi simama pembeni.