Kupima Kina cha Bahari kwa Kamba, Kama Mabaharia wa Challenger

Nafundisha jiografia, na tukifika kwenye safari ya Challenger, meli ya Uingereza iliyozunguka ikichunguza bahari karne ya 19, nawapeleka wanafunzi gatini. Safari ile haieleweki kwa kusoma tu.

Chukua kamba isiyonyumbuka, funga kitambaa kila pima moja, yaani mita 1.83. Mwishoni funga bildi, au chuma chochote kizito. Ipake grisi chini ili ije na mchanga au tope. Iachie ishuke yenyewe. Ikilegea mkononi, hesabu vitambaa.

Kwenye kilindi mkono hauwezi kukuambia hivyo, kwa sababu uzito wa kamba yenyewe huendelea kuivuta hata bildi ikishatua. Mabaharia wa Challenger walishika saa, wakaandika muda uliotumika kila zilipopita pima 100. Muda ukirefuka ghafla, wamegusa chini. Akili hiyo naipenda mno! Tarehe 23 Machi 1875, magharibi mwa Pasifiki, walipata pima 4,475, zaidi ya mita 8,000. Kuivuta kamba juu ilikuwa kazi ya injini ya mvuke.

Challenger ilikuwa meli ya kivita. Mizinga yake ilitolewa, ikabaki 2 tu, pakawekwa maabara. Iliondoka Portsmouth Desemba 1872, ikarudi Mei 1876. Wanasayansi waliongozwa na Charles Wyville Thomson.

Nawe andika saa ya kila kipimo, na kama maji yanajaa au yanakupwa. Bila hayo, namba yako haiwezi kulinganishwa na ya kesho.