CRP, IL-6 na sonona: jinsi ya kupima damu bila kumpoteza mgonjwa

Hakuna kipimo cha damu kinachotambua sonona. Hakipo Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, hakipo Ulaya. Mgonjwa aliyekuja na karatasi ya maabara imeandikwa CRP (protini ya damu inayopanda kinga ya mwili ikiwaka) 4.8 "iko juu", akaambiwa hiyo ndiyo sonona yake, amepewa jibu la swali jingine. Anayetambua sonona ni wewe uliyekaa naye, ukamuuliza maswali 9 ya dodoso la sonona la PHQ-9 kuhusu wiki 2 zilizopita, ukajumlisha alama (0 hadi 27), na alipofika 10 au zaidi ukaendelea kumchimba kwa mazungumzo.

Kazi ya damu ni nyingine: kuonyesha kama mgonjwa huyu, ambaye tayari unajua ana sonona, ana mchochota pia, yaani kinga ya mwili imewaka moto mdogo usiozimika. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta takribani 27% ya wenye sonona wana CRP inayozidi 3 mg/L. Igeuze hesabu hiyo: 73 kati ya 100 hawamo. Ukiifanya CRP kuwa mlango wa kliniki, umewafungia nje karibu robo tatu ya wagonjwa wako, na kati ya utakaowaingiza wengine watakuwa na jino bovu tu.

CRP hutengenezwa na ini kwa amri ya IL-6, saitokini (kemikali ambayo chembe za kinga hupelekeana taarifa) inayotolewa na chembe za kinga na pia na mafuta ya tumboni. Ndiyo maana mtu mnene huwa na CRP ya juu bila ugonjwa wowote, na mwenye ini lililochoka anaweza kuwa na CRP ya chini huku mwili unawaka. IL-6 na TNF-alfa, saitokini nyingine, nazo huonekana zikiwa juu kidogo kwa wenye sonona ukilinganisha makundi makubwa, lakini ukimshika mtu mmoja mmoja namba zinaingiliana mno. Hizo ziachie utafiti. Kwa kliniki ya kawaida ya Dodoma, CRP nyeti, inayosoma hadi namba ndogo, inatosha.

Kabla ya kufunga kamba mkononi

Hapa ndipo kipimo kinapoharibika, sindano ikiwa bado kwenye karatasi yake. Ahirisha kupima kama katika wiki 2 zilizopita mgonjwa amepata homa, kikohozi, kuharisha, jeraha, kung'olewa jino au chanjo. Fanya MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hata kama Dodoma malaria si nyingi kama kanda ya ziwa, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua inaponyesha, na kwa yeyote aliyetoka safari. Uliza kuhusu TB na VVU. Kwa wafugaji wa Bahi na Chamwino uliza maziwa mabichi: brusela humfanya mtu achoke, aumwe viungo, akose usingizi na hamu ya kula, na hapo PHQ-9 inapanda na CRP inapanda, zote mbili kwa sababu ya ng'ombe.

Dawa zina mtego wake. Ukiuliza "Unatumia dawa gani?" utajibiwa "Situmii", kwa sababu vidonge vya maumivu vya dukani watu wengi hawavihesabu kuwa dawa. Muulize hivi: "Mama, ukitoka shamba mgongo unauma, huwa unanunua nini dukani?" Hapo diklofenaki na ibuprofeni zitajitokeza, wakati mwingine na prednisoloni aliyopewa na jirani. Hizi zinaweza kuishusha CRP. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha, na mimba vilevile. Viandike vyote kwenye fomu ya maabara, maana anayesoma majibu kesho anaweza asiwe wewe.

Chukua damu asubuhi, kati ya saa 2 na saa 4, mgonjwa akiwa hajala na amepumzika dakika 15. CRP yenyewe haijali sana saa wala chakula, ila IL-6 hubadilika ndani ya siku moja, na aliyetembea kilomita kadhaa kuja kliniki amekwisha kuipandisha kwa miguu yake. Saa yoyote utakayochagua, rudia ileile katika vipimo vyote vya mgonjwa huyo.

Kuchukua na kutenganisha

Kamba isikae mkononi zaidi ya dakika 1. Kwa CRP tumia kichupa cha kizibo chekundu au cha njano, mililita 4 zinatosha. Kiache kimesimama dakika 30 hadi 60 damu igande vizuri. Ukikimbilia kuizungusha kabla haijaganda utapata seramu yenye nyuzinyuzi zinazoziba mashine.

Kama unapima IL-6, tumia kizibo cha zambarau (EDTA), kigeuzegeuze taratibu mara 8 bila kukitikisa, kisha tenganisha plazma ndani ya saa 1, ukichelewa sana 2. Chembe nyeupe zikikaa na plazma kwenye joto la mchana huendelea kutoa saitokini humo humo kichupani. Sampuli iliyochukuliwa Mpwapwa asubuhi, ikapanda basi bila kutenganishwa, ikafika mjini saa 8 mchana, inapima safari wala si mgonjwa. Tenganisha kule kule, au mwite mgonjwa aje mjini. Usichanganye seramu na plazma kwa mtu mmoja katika ziara mbili, kwa sababu namba zake hazilinganishwi.

Kosa la sentrifuji tumelikuta karibu kila mahali: watu huandika "mizunguko 3,000" wakadhani wamemaliza. Kinachohitajika ni nguvu ya takribani 1,500 g kwa dakika 10, na nguvu hiyo inategemea urefu wa mkono wa mashine. Zidisha 0.00001118 kwa nusukipenyo (sentimita), kisha kwa mizunguko ya dakika moja mara yenyewe. Mashine kubwa yenye sentimita 15 kwa mizunguko 3,000 inatoa kama 1,500 g. Ile ndogo ya mezani yenye sentimita 8, kwa mizunguko hiyo hiyo, inatoa kama 800 tu, na plazma inabaki na chembe ndani. Chukua rula, pima kutoka katikati ya mhimili hadi chini ya kichupa, kisha bandika jibu kwenye kifuniko.

Seramu ya CRP inavumilia siku kadhaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Plazma ya IL-6 igawe kwenye vichupa vidogo vya mililita 0.5, igandishe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia kama bado kuna baridi.

Kusoma majibu

Kwanza tazama aina ya kipimo. CRP ya kibao cha latex, ile ya kuchanganya tone na kuangalia chengachenga, huanza kuonyesha kwenye 6 mg/L. Mgonjwa mwenye 4 ataandikiwa "negative", na hiyo haimaanishi yuko chini ya 3. Omba CRP nyeti iliyopimwa kwa mashine, itoe namba.

Pili, tazama kizio cha namba. Maabara nyingine hutoa mg/dL, na 0.3 mg/dL ni sawa na 3 mg/L. Ukikosea hapo umekosea mara 10.

Chini ya 1 mg/L, mchochota hauonekani. Kati ya 1 na 3 ni eneo la kijivu, usijenge nyumba hapo. Kati ya 3 na 10, rudia baada ya wiki 2 hadi 3, na ikibaki hapo hapo ndipo useme kuna mchochota mdogo wa kudumu. Ikizidi 10, weka sonona pembeni kidogo utafute maambukizi au jeraha: mkojo, kifua, meno, sikio, kidonda kilichofichwa na khanga. Namba moja peke yake usiitegemee kamwe.

Wengine hugawanya nyutrofili kwa limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe) kutoka kwenye FBP, yaani hesabu kamili ya damu, kwa kuwa ni bure: 3.6 kwa 1.8 ni 2.0. Hesabu ni rahisi, mipaka ndiyo tatizo. Watu wengi wa asili ya Afrika wana nyutrofili chache kiasili, kutokana na kukosa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, hivyo mpaka uliotengenezwa kwa damu za Ulaya utawapita bila kuwaona. Mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. ESR (kasi ya chembe nyekundu kutuama) nayo hupandishwa na upungufu wa damu, kwa hiyo kwa mama mwenye Hb (himoglobini) 8 haikwambii kitu.

Fedha ikiwa ndogo, na huwa ndogo, itumie kwenye Hb, sukari, VVU, kaswende, kipimo cha mimba na TSH (kipimo cha tezi ya shingo) kabla ya kufikiria IL-6. Tezi iliyolegea na damu iliyopungua huigiza sonona vizuri sana, na zote mbili zina dawa.

Baada ya majibu

CRP ya 5 isikufanye uandike diklofenaki au prednisoloni "kutuliza mchochota". Prednisoloni yenyewe huvuruga hisia na usingizi. Utafiti wa infliksimabu (dawa inayozuia TNF-alfa) wa 2013, kwa wagonjwa 60 waliokuwa wameshindikana kwa dawa za kawaida, haukuonyesha faida kwa kundi zima. Ni wale wenye CRP iliyozidi 5 ndio walioelekea kunufaika, na hilo bado ni jambo la watafiti. Matibabu yanabaki yale yale: mazungumzo ya tiba, fluoksetini au amitriptilini kwa anayestahili, na kumfuatilia. CRP inaweza kukupa sababu ya kuuliza zaidi kuhusu uzito, sigara, usingizi na moshi wa jikoni.

Swali la 9 la PHQ-9, la mawazo ya kujidhuru, halisubiri maabara. Akijibu chochote zaidi ya 0, muulize waziwazi siku hiyo hiyo kama ana mpango na ana nini nyumbani, mwite ndugu anayemwamini, na mpe rufaa ikibidi, hata CRP ikiwa 0.4.

Mgonjwa mwambie kwa maneno yake: "Baba, damu inaonyesha mwili una joto dogo la ndani. Halituambii una sonona, hilo tumelijua kwa maneno yako. Tutapima tena baada ya wiki 3, na ukipata homa kabla ya hapo niambie." Kwenye faili andika: tarehe na saa ya kuchukua damu, aina ya kichupa, njia ya kipimo, CRP kwa mg/L, alama za PHQ-9 za siku ile ile, dawa zote za dukani, na tarehe ya kurudia.