Kubadili terminali za skrubu kuwa za springi kwenye paneli ya kiwanda

Kiwanda cha korosho, kiwe Mtwara mjini au Newala, hutikisika kutwa nzima msimu unapoanza. Skrubu ya terminali (kiungio cha waya ndani ya paneli) iliyokazwa vizuri kabla ya Oktoba inaweza kulegea msimu ukiwa bado haujaisha, kwa sababu shaba ni laini, inazidi kubonyea chini ya skrubu, na skrubu haiifuati. Springi huifuata. Ila springi haimsamehe fundi aliyeandaa waya vibaya, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, kisha hakikisha kwa tesa kwamba hakuna umeme. Kumbuka umeme wa kudhibiti unaotoka paneli nyingine: huo hauzimwi na swichi hii. Piga picha, weka namba kila waya, na hamisha mmoja mmoja.

Waya wa zamani usiuchomeke kama ulivyo. Karibu na bahari, kama Mikindani au Lindi mjini, hewa ya chumvi huingia chini ya ganda na shaba hugeuka nyeusi au kijani. Kata nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Ukikuta waya umekuwa mfupi, vuta mpya.

Terminali nyingi za waya wa milimita 2.5 za mraba hutaka urefu wa milimita 8 hadi 12 za shaba. Namba halisi imechapwa ubavuni au kwenye karatasi yake. Kwa feruli (kimrija cha chuma chenye kola ya plastiki, kinachobanwa kwenye ncha ya waya wa nyuzi) yenye mrija wa milimita 10, menya 12, maana shaba huingia pia ndani ya kola ya plastiki. Ukimenya pungufu, springi hubana plastiki badala ya shaba: mita itaonyesha waya umeungana, lakini mzigo ukipanda terminali inaungua. Ukizidisha, shaba tupu inachungulia nje.

Rangi za feruli za mfumo wa Kijerumani, kwa milimita za mraba: 0.75 kijivu, 1.0 nyekundu, 1.5 nyeusi, 2.5 buluu. Katika mfumo wa Kifaransa kijivu na buluu zimebadilishana, kwa hiyo usinunue kwa rangi pekee. Bana kwa plaisi ya feruli yenyewe. Plaisi ya kawaida huilaza na nyuzi huchomoka. Ncha za waya usizipake risasi ya kulehemu, kwani risasi hubonyea pole pole na mbano hupungua.

Kama terminali ni ya aina ya kusukuma (push-in), waya mgumu au wenye feruli unausukuma moja kwa moja mpaka ugote. Nyuzi laini zisizo na feruli zinahitaji springi ifunguliwe kwanza: bonyeza kitufe, au chomeka bisibisi bapa ya milimita 3.5 kwa 0.5 kwenye tundu lake, si kwenye tundu la waya. Bisibisi pana hupasua plastiki na kukunja springi. Terminali hiyo itupe. Tundu moja, waya mmoja, isipokuwa feruli ya nyaya mbili ikiwa terminali inairuhusu. Kugawa umeme tumia jampa za kuchomeka, yaani vipande vya chuma vinavyounganisha terminali jirani.

Kila waya uvute kwa mkono. Kipimo cha kiwandani kwa waya wa 1.5 ni nguvu ya nyutoni 40, yaani kama uzito wa kilo 4, hivyo usiogope kuvuta. Washa, acha mzigo kamili saa moja, kisha pima joto kwa kipima joto kisichogusa. Terminali yenye joto kuliko jirani zake zinazobeba mzigo uleule, zima umeme na ufungue: mara nyingi utakuta plastiki imeingia kwenye springi.